Alianza shotistopu Marekani, anamalizia besi ya kwanza Italia

Msomaji anauliza: "Nafuatilia besiboli kwa miaka michache tu. Juzi nilisoma wasifu wa mchezaji mmoja wa ndani ya uwanja. Alianza akiwa shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, katika timu za madaraja ya chini Marekani, akacheza mechi kama arobaini Ligi Kuu, akaenda Korea kucheza besi ya tatu, akapita Mexico na Jamhuri ya Dominika, na sasa ana miaka 36, yuko Italia anacheza besi ya kwanza. Je, huyu alishindwa kazi akawa anatangatanga? Kwa nini kila anakokwenda anabadilishiwa nafasi? Na huko Italia bado analipwa?"

Ndugu msomaji,

Hakushindwa. Hizo mechi arobaini umezitaja kana kwamba ni kidogo, basi tuanze nazo. MLB, yaani Ligi Kuu ya Marekani, ina timu 30, na kila timu huwa na wachezaji 26 kikosini kwa sehemu kubwa ya msimu. Jumla ni ajira 780. Karibu nusu ni za warushaji. Ondoa wadakaji wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, ondoa wale wa uwanja wa nje, na walinzi wa ndani, yaani wa besi zote tatu pamoja na shotistopu, wanabaki kama sita kwa kila timu. Kwa hiyo ni viti visivyofika mia mbili, vinavyogombewa na vijana wa Marekani, Dominika, Venezuela, Kuba, Puerto Rico, Curaçao, Japani na Korea. Huyo mtu wako amewahi kukalia kimojawapo. Tena mchezaji akitimiza siku 43 katika kikosi cha Ligi Kuu anapata haki ya pensheni ya ligi, na mtu aliyecheza mechi arobaini kwa kawaida ameshazivuka siku hizo, kwa sababu mlinzi wa akiba hukaa benchi siku nyingi kuliko anazocheza.

Kilichomtoa huenda hakikuwa udhaifu, ni hesabu za klabu. Mchezaji akishaingizwa kwenye orodha ya watu 40 ambayo kila klabu inayo, klabu huwa na misimu mitatu ya kumshusha daraja la chini na kumpandisha tena inavyotaka. Mlinzi wa ndani wa akiba huishi humo. Mwenye nafasi akiumia paja anaitwa, mwenye nafasi akipona anarudishwa. Misimu hiyo ikiisha, klabu haiwezi kumshusha bila kwanza kuziacha klabu nyingine zimtake. Wakati huo ana miaka 27 au 28, na nyuma yake kuna kijana wa miaka 22 anayedaka mipira ileile na ambaye bado anaweza kupandishwa na kushushwa bila ruhusa ya yeyote. Klabu inamchagua kijana, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Sasa weka fedha mezani. Mshahara wa chini kabisa MLB msimu wa 2026 ni dola 780,000, yaani zaidi kidogo ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Daraja lililo chini yake, Triple-A, mshahara wa chini uliokubaliwa katika mkataba wa 2023 ni dola 35,800 kwa mwaka mzima. Aliyewahi kupanda juu hulipwa zaidi ya hapo akirudi Triple-A, lakini bado yuko mbali sana na mwenzake wa juu. Halafu Korea Kusini inabisha hodi. Ligi yao, KBO, inaruhusu mgeni wa mwaka wa kwanza kugharimu hadi dola milioni moja, humo zikiwemo pesa za kusaini na ada inayolipwa klabu anayotoka. Mwenye mke na watoto hahitaji kubembelezwa. Wengi wanaoondoka Marekani wakiwa na miaka 28 wanaondoka kwa kupandishwa mshahara, na ndiyo maana nasema wasifu wa aina hii usomwe kwa kuangalia nani alikuwa analipa nini na alikuwa na nafasi ngapi za kutoa.

Nafasi hizo ndizo zinazojibu swali lako la pili, nami nitakaa hapo kidogo.

KBO ina timu 10, na tangu 2014 kila timu imeruhusiwa wageni watatu, wasiwe wote warushaji. Karibu kila klabu hufanya hesabu ileile: warushaji wawili, mpigaji mmoja. Kuanzia 2026 imeongezwa nafasi moja ya mchezaji kutoka Asia au Australia, lakini huyo ana bajeti yake ndogo na hagusi hesabu ya wale watatu. Kwa hiyo katika ligi nzima kuna nafasi kama kumi za wapigaji kutoka nje, zikiwemo za wale wa uwanja wa nje. Japani, yenye timu 12, klabu inaweza kusajili wageni wengi ila kikosi cha kwanza kimezoea kuwa na wanne, na hao hawawezi kuwa wote warushaji wala wote wapigaji. Anayezidi anakwenda kikosi cha pili, anacheza mbele ya watazamaji wachache mchana wa jua kali na kusubiri mwenzake aharibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anaitwa kutibu upungufu wa mwenyeji, na Japani na Korea hazijawahi kupungukiwa na mashotistopu. Watoto wa huko wanadaka mipira ya chini kwa mamia kila siku tangu shule ya msingi. Miguu yao inajua pa kwenda kabla macho hayajamaliza kuuona mpira. Wanachokosa mara nyingi ni mtu mwenye mwili mkubwa wa kuupeleka mpira nje ya uzio. Basi klabu ikiwa na kiti kimoja tu cha mpigaji wa kigeni, haimpi mtu wa kudaka vizuri. Inampa mtu wa homurani, halafu inatafuta mahali pa kumweka uwanjani ambapo hataharibu mambo. Mahali hapo ni besi ya kwanza, besi ya tatu, au uwanja wa nje upande wa kushoto.

Kuna sababu nyingine ambayo mtazamaji wa televisheni haioni. Shotistopu na mlinzi wa besi ya pili wanazungumza mchezo mzima. Nani atafunika besi mkimbiaji akiiba, yaani akiikimbilia kabla mpira haujapigwa, mpira unaofuata utakuwa wa aina gani na kwa hiyo asogee upande upi, nani atapokea mpira unaorudi kutoka nje. Klabu za Japani na Korea humpa mgeni mkalimani, na mkalimani anasaidia sana hospitalini, benki na kwenye mikutano na kocha, lakini hawezi kusimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Besi ya kwanza inahitaji maneno machache: simama, nyoosha glovu, daka. Ukitazama wageni wanaojaribiwa katikati ya uwanja utaona wanajifunza haraka ishara za vidole na maneno kumi hivi ya kazi, na wengi wanafika mbali kwa hayo tu, ila klabu haipendi kulipa dola laki kadhaa kwa bahati nasibu hiyo.

Tazama waliofanikiwa. Randy Bass alipiga homurani 9 tu katika maisha yake yote ya Ligi Kuu ya Marekani. Akaenda Hanshin Tigers, besi ya kwanza, na mwaka 1985 akapiga 54, Hanshin wakatwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alimaliza na wastani wa kupiga wa 0.389, yaani mapigo mazuri karibu manne katika kila majaribio kumi, ambao bado ni rekodi ya msimu mmoja huko. Cecil Fielder alikuwa amekwama Toronto nyuma ya Fred McGriff, naye pia wa besi ya kwanza. Akacheza msimu mmoja Hanshin, 1989, homurani 38, akarudi Marekani na Detroit Tigers na mwaka 1990 akapiga 51. Mimi huwa sikubaliani na wanaosema Japani "ilimfundisha" Fielder kupiga. Japani ilimpa kitu rahisi zaidi ambacho Toronto haikuwa nacho: kucheza kila siku.

Eric Thames ni mfano wa karibu zaidi na mtu wako, kwa sababu alibadilishiwa nafasi. Marekani alikuwa mchezaji wa uwanja wa nje. NC Dinos wa Korea wakamweka besi ya kwanza, na mwaka 2015 akapiga homurani 47 na kuiba besi 40, wa kwanza katika historia ya KBO kufikisha arobaini zote mbili. Milwaukee Brewers wakamrudisha nyumbani kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 16. Baadaye akajaribu Japani na Yomiuri Giants, na siku ya mechi yake ya kwanza, 2021, akaumia mshipa wa kisigino. Miaka mitatu ya neema Korea, mechi moja ya msiba Japani, na mtu ni yuleyule.

Na kwa kuwa watu husimulia tu waliorudi Marekani kwa kishindo, nimtaje Jamie Romak wa Kanada. Alisajiliwa mwaka 2003, akasota madaraja ya chini zaidi ya miaka kumi, akacheza chini ya mechi 30 Ligi Kuu. Yokohama ya Japani mwaka 2016 hakung'ara. Mwaka uliofuata SK Wyverns wa Korea wakamchukua, na 2018 akapiga homurani 43, timu ikatwaa ubingwa. Alikaa klabu hiyohiyo hadi akastaafu 2021. Katika kazi hii, mgeni kudumu misimu mitano mahali pamoja ni jambo la heshima kubwa, maana wengi mkataba wao ni wa mwaka mmoja na klabu inaweza kuwabadilisha katikati ya msimu.

Barabara ya upande wa pili, kutoka Asia kwenda Marekani, ina taabu yake kwa walinzi wa katikati. Kazuo Matsui alikuwa shotistopu nyota Japani. New York Mets wakamchukua 2004, na José Reyes akahamishwa besi ya pili kumpisha. Baada ya muda Reyes alirudi shotistopu na Matsui ndiye akahamia besi ya pili. Viwanja vina sehemu yao katika hili. Japani vingi vina nyasi bandia, na Koshien, nyumbani kwa Hanshin, sehemu ya ndani yote ni udongo mtupu. Nyasi halisi za Marekani zinapunguza kasi ya mpira, kwa hiyo mlinzi lazima aufuate mbele badala ya kuusubiri, kisha atupe akiwa bado anakimbia, kwa mkono wenye nguvu zaidi. Hata mpira wenyewe ni tofauti, ule wa Japani ni mdogo kidogo na unashika vidole vizuri zaidi. Matsui hakupotea. Alifika fainali ya ubingwa na Colorado mwaka 2007, akarudi Japani, na 2013 akawa bingwa na Rakuten.

Kim Ha-seong wa Korea alijifunza kutokana na historia hiyo, au pengine wakala wake ndiye aliyejifunza. San Diego Padres walimpa miaka minne kwa dola milioni 28 kuanzia 2021, juu yake klabu yake ya Korea ikalipwa dola milioni 5.525 kwa kumwachia. Hakung'ang'ania shotistopu, ambako Fernando Tatis Jr. alikuwepo. Alicheza besi ya pili, ya tatu na shotistopu kadiri alivyoambiwa, na mwaka 2023 akapata Glovu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, ya mchezaji wa nafasi mbalimbali, Mkorea wa kwanza kuipata.

Kwa hiyo kubadilishiwa nafasi si adhabu. Kuna na jambo la umri, ambalo lingetokea hata kama mtu wako asingepanda ndege hata mara moja. Karibu kila mlinzi wa ndani unayemwona alianza shotistopu, kwa sababu utotoni kocha humweka hapo mwenye kipaji kuliko wote. Katika kambi za Dominika, ambako klabu zote 30 za MLB zina vituo vyao na kijana anaweza kusaini akiwa na miaka 16, ukiuliza nani ni shotistopu nusu ya vijana wananyoosha mkono. Miaka inavyokwenda miguu inapungua na mwili unaongezeka, mtu anasogezwa besi ya pili au ya tatu, mwisho besi ya kwanza. Julio Franco aliyapita yote hayo: shotistopu Cleveland, besi ya pili Texas, ambako mwaka 1991 aliongoza ligi kwa wastani wa 0.341, kisha besi ya kwanza. Kati ya hapo alicheza Chiba Lotte ya Japani mara mbili, 1995 na 1998, na Samsung Lions ya Korea mwaka 2000. Mwaka 2001 alikuwa Mexico, na Atlanta Braves wakamchukua kutoka huko akiwa na miaka 43. Mei 2007, akiwa na 48, aliupiga mpira wa mrushaji Randy Johnson ukawa homurani, akawa mchezaji mzee kuliko wote kupiga homurani MLB. Ukisoma orodha ya timu zake bila majina ungeapa ni mtu aliyefukuzwa kila mahali.

Usidhani hata hivyo kwamba glovu peke yake haifiki mbali. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 baada ya kupita kambi ya MLB huko Italia, akiwa na mikono na miguu ya kushangaza, ila gongo lake la kupigia mpira lilitia wasiwasi. Ilimchukua miaka tisa kupanda madaraja. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza MLB, na mara ya kwanza kusimama kupiga aliupiga mpira wa mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs na kufika besi. Alicheza na Toronto pia mwaka 2018, jumla chini ya mechi hamsini. Glovu ndiyo iliyompandisha. Lakini kwa mchezaji wa aina yake mlango wa Korea na Japani huwa mwembamba sana, kwa hesabu ileile ya kiti kimoja niliyoeleza juu. Hapo ndipo mtu mwenye gongo la wastani na mguu mzito anampita mwenye glovu ya ajabu, na mimi naona ni dhuluma ya soko, ingawa naelewa kwa nini wanafanya hivyo.

Mexico na Dominika sitakaa sana. Ligi ya Mexico ni ya kiangazi, ipo tangu 1925, ina timu 20, na ni mahali ambapo mpigaji mzuri mwenye miaka thelathini na kitu anaendelea kuheshimiwa. Robinson Canó, mlinzi wa besi ya pili aliyewahi kuwa na mkataba wa dola milioni 240 na Seattle, alikuwa na wastani wa kupiga wa 0.431 huko mwaka 2024 na Diablos Rojos wakawa mabingwa. Ligi ya Dominika ni ya majira ya baridi, Oktoba hadi Januari, timu sita tu, na mashabiki hawana subira. Mgeni asiyepiga kwa wiki mbili hununuliwa tiketi ya kurudi. Kwa hiyo Mexico na Dominika katika wasifu mmoja haimaanishi alihama. Inawezekana ulikuwa mwaka mmoja: kiangazi huku, baridi kule. Mlinzi wa ndani anaweza kucheza karibu miezi yote ya mwaka, jambo ambalo klabu za MLB haziwaruhusu warushaji wao kwa urahisi kwa kuhofia mikono yao.

Mwisho, Italia. Ndiyo, anaweza kuwa analipwa, ila hapa lazima ubadilishe kipimo. Ulaya, hata Italia na Uholanzi zenye ligi zenye nguvu zaidi, wengi wa wachezaji wana kazi nyingine, na mechi hupangwa zaidi mwishoni mwa wiki. Mwaka 2023, katika mashindano ya dunia, mrushaji wa Ucheki aliyemtoa Shohei Ohtani, nyota wa Japani, kwa straiki tatu bila kuufikisha mpira uwanjani, alikuwa fundi umeme. Mgeni kama mtu wako kwa kawaida hupewa posho ya mwezi, nyumba na tiketi ya ndege, na mara nyingi mkataba unamtaka afundishe watoto wa klabu siku za katikati ya wiki. Chunguza pia jina lake la ukoo. Marekani imejaa wajukuu na vitukuu wa Waitaliano, na mwenye asili hiyo akipata pasipoti hahesabiwi tena kama mgeni, na anaweza kuichezea timu ya taifa ya Italia. Hapa pia njia inapitika pande zote mbili. Alex Liddi, mlinzi wa besi ya tatu kutoka Sanremo, alitoka Italia akafika MLB na Seattle mwaka 2011, wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Italia kufanya hivyo, kisha naye akaenda kucheza Mexico. Ukiweza kupata orodha ya benchi la ufundi la klabu ya mtu wako, angalia timu za vijana. Jina lake likiwa humo pia, basi huenda sehemu kubwa ya anacholipwa inatokana na ukocha, na besi ya kwanza ya Jumamosi ni nyongeza.